Kwa Nini Bunge la Marekani Hukwama na Serikali Kufungwa: Majibu kwa Mliouliza



Tangu Oktoba 2025 swali ni lile lile. Limekuja kwa barua pepe, limekuja kwenye maoni, na shemeji yangu wa Tabata kanipigia simu kabisa: "Hivi inakuwaje serikali ya nchi tajiri vile inafungwa kama duka la Mangi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naweka yote hapa, ili mtu akiuliza tena nimtumie kiungo tu. Ni ndefu kidogo. Kama uko kafe na dakika zinakimbia, inakili kwenye flashi ukasome nyumbani, haitaharibika.

Mimi naishi Maryland, si mbali na Washington. Jirani yangu wa mlango wa pili anafanya kazi ya kukagua mizigo uwanja wa ndege. Serikali ilifungwa tarehe 1 Oktoba 2025 na kufunguliwa usiku wa tarehe 12 Novemba. Siku 43! Yeye aliingia kazini kama kawaida, manake kazi yake inahesabiwa kuwa ni ya lazima, ila mshahara hakuna. Mwisho wa Oktoba akaja kuniazima hela ya petroli ya kwendea kazini. Yaani mtu mwenye sare ya serikali kubwa kuliko zote duniani anakuja kuazima mafuta kwa mbeba boksi kama mimi. Hapo ndipo nilipoamua hili jambo nilisome vizuri, nisiwe najibu watu kwa kubahatisha.

Haya, tuanze na jengo lenyewe.

Bunge la Marekani lina nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi lina wabunge 435 na hawa hugawiwa kwa idadi ya watu. Seneti ina watu 100, wawili kwa kila jimbo, jimbo liwe kubwa au dogo. California ina watu karibu milioni 39 na Wyoming hawafiki hata laki sita, na wote wana maseneta wawili wawili. Muswada lazima upite nyumba zote mbili kwa maneno yale yale, halafu uende kwa Rais. Rais akiukataa kwa kura ya turufu, unarudi, na hapo zinatakiwa theluthi mbili za kila nyumba kumshinda. Kwa hiyo kuna milango mitatu, na kila mlango una bawabu wake aliyechaguliwa kwa wakati wake na watu wake. Walioandika katiba yao mwaka 1787 walitaka iwe hivyo. Walitoka kugombana na mfalme, wakaogopa mtu mmoja asije akashika kila kitu.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa, kwa sababu tunalinganisha na kwetu. Tanzania serikali inatoka na chama chenye wabunge wengi, na mawaziri wanakaa humo humo bungeni. Bajeti haiwezi kukwama miezi. Na kama Bunge likikataa bajeti, katiba yetu ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge, wote warudi kwa wananchi. Kwa hiyo mbunge akitaka kupiga "hapana" kwenye bajeti anajua anacheza na kiti chake. Marekani hakuna kitu kama hicho. Rais hawezi kulivunja Bunge, na Bunge haliwezi kumwondoa Rais kwa sababu tu halimpendi. Kila mmoja ana tarehe yake ya uchaguzi na haisogei. Wakigombana, wanakaa wanatazamana mpaka mmoja achoke.

(Naona mdau mmoja aliuliza kama Trump anaweza kuitisha uchaguzi wa mapema. Hawezi. Wala Biden hakuweza, wala Obama.)

SASA KUFUNGWA KUNATOKA WAPI?

Mwaka wa fedha wa Marekani unaanza tarehe 1 Oktoba. Kabla ya hapo Bunge linatakiwa kupitisha miswada 12 ya matumizi. Mara ya mwisho kuimaliza yote kwa wakati ilikuwa mwaka 1996. Soma tena, 1996! Miaka yote iliyofuata wamekuwa wakipitisha viraka vya muda, wiki kadhaa, miezi kadhaa, halafu wanagombana tena.

Zamani fedha zikichelewa, ofisi ziliendelea tu na kazi zikitegemea kwamba Bunge litatoa hela baadaye. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu wa Rais Jimmy Carter, Benjamin Civiletti, akasoma sheria ya zamani ya karne ya 19 na kusema hapana, hela isipoidhinishwa na Bunge kazi isimame, isipokuwa zile za kulinda maisha na mali. Ushauri wa kisheria wa mtu mmoja, na tangu siku hiyo Bunge likapata rungu jipya la kupigana.

Rungu lilianza kutumika kweli kweli mwaka 1995. Warepublikani wakiongozwa na Spika Newt Gingrich waligombana na Rais Bill Clinton juu ya bajeti, serikali ikafungwa mara mbili, ya pili siku 21 mpaka Januari 1996. Mwaka 2013 ikafungwa siku 16, Warepublikani wakitaka kuizima sheria ya bima ya afya ya Obama. Desemba 2018 mpaka Januari 2019 siku 35, Trump akitaka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpaka wa Mexico na Wademokrati wakikataa. Halafu ndiyo hii ya 2025 iliyovunja rekodi. Safari hii Wademokrati ndio walioshika rungu: walitaka ruzuku za bima ya afya zilizokuwa zinaisha mwisho wa mwaka ziongezwe muda, Warepublikani wakasema fungueni serikali kwanza ndipo tuongee.

Kufungwa huko si kwamba kila kitu kinasimama. Jeshi lipo, ndege zinaruka, magereza yana walinzi. Lakini mamia kwa maelfu ya watumishi wanarudishwa nyumbani, na wengine mamia kwa maelfu, kama jirani yangu, wanafanya kazi bila malipo. Tarehe 1 Novemba 2025 hata msaada wa chakula unaotegemewa na watu karibu milioni 42 ukayumba, kesi zikakimbizwa mahakamani. Foleni za chakula cha bure kwenye makanisa ya huku mtaani nilikuwa naziona mwenyewe nikienda kazini.

FILIBASTA, UGONJWA WA SENETI

Mtasema: si Warepublikani ndio walikuwa na Rais, Seneti na Baraza la Wawakilishi, kwa nini wasipitishe wenyewe? Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ni neno moja la ajabu: filibasta.

Seneti ina mila kwamba mjadala hauna mwisho mpaka maseneta 60 kati ya 100 wakubali kuufunga. Kupitisha muswada kunahitaji wingi wa kawaida wa kura tu, lakini kufika kwenye hiyo kura kunahitaji 60. Katiba haina neno hili hata mahali pamoja. Mwaka 1806 Seneti ilifuta kanuni ya kufunga mjadala kwa wingi wa kawaida, ikionekana haina kazi, na ufa ukabaki hapo. Mwaka 1917 wakaweka kanuni ya theluthi mbili, mwaka 1975 wakashusha mpaka 60.

Zamani aliyetaka kuzuia muswada ilibidi asimame aongee kweli. Seneta Strom Thurmond wa South Carolina alisimama saa 24 na dakika 18 mwaka 1957 kupinga sheria ya haki za kiraia, na bado ikapita. Siku hizi hakuna anayechosha miguu. Chama kinatoa taarifa tu kwamba kinapinga, na muswada unakaa. Yaani imekuwa kama kususia kikao kwa kutuma meseji. Seneta Cory Booker aliongea saa 25 na dakika 5 mwaka 2025 na kuvunja rekodi ya Thurmond, lakini hakuwa anazuia muswada wowote, alikuwa anapinga serikali ya Trump kwa ujumla.

Sasa piga hesabu. Mwaka 2025 Warepublikani walikuwa na maseneta 53. Kufungua serikali walihitaji 60. Mmoja wao, Rand Paul, alikuwa anakataa, kwa hiyo wakabaki 52 na wakahitaji wanane wa upande wa pili. Hao wanane walipatikana tarehe 9 Novemba, kura zikawa 60 kwa 40, hakuna hata ya ziada. Baraza la Wawakilishi likapitisha 222 kwa 209, Trump akatia saini usiku huo huo. Wademokrati walipata nini? Ahadi ya kupigiwa kura suala la ruzuku. Kura ikapigwa Desemba: 51 waliunga mkono, 48 walipinga. Walio wengi walitaka, ila hawakufika 60. Ruzuku zikaisha mwaka ulipokwisha.

Kuna mlango wa nyuma. Sheria fulani za bajeti zinaruhusiwa kupita kwa wingi wa kawaida bila filibasta, ila zihusu mapato na matumizi tu. Huko ndiko zinakopitishwa zile sheria kubwa za chama kimoja. Kodi za Trump za 2017 zilipita huko, na sheria ya tabianchi na dawa ya Biden ya 2022 pia. Ile kubwa ya Trump ya Julai 2025 ilipita Seneti 51 kwa 50, Makamu wa Rais JD Vance akivunja sare. Ukiona sheria ya maana imepita kwa kura ya chama kimoja, jua imepitia dirishani. Na kinachopita dirishani chama kingine kikishika madaraka kinakitupa dirishani hapo hapo.

LAKINI MBONA ZAMANI WALIWEZA?

Hapa ndipo penyewe. Kanuni karibu zote hizi zilikuwepo miaka ya 1960, na bado walipitisha sheria nzito. Kilichobadilika zaidi ni watu waliomo ndani.

Chukua sheria ya haki za kiraia ya 1964, ile iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi mahotelini, mashuleni na makazini. Maseneta wa Kusini waliizuia kwa siku 60 za kazi. Mjue hao waliozuia walikuwa Wademokrati wengi wao, chama kile kile cha Rais Lyndon Johnson aliyekuwa akiisukuma! Johnson asingefika popote bila Warepublikani. Kiongozi wao Seneti, Everett Dirksen, akakubali kushirikiana, na tarehe 10 Juni 1964 mjadala ukafungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Kati ya hizo 71, Warepublikani walitoa 27.

Maana yake nini? Ndani ya kila chama kulikuwa na watu wa kila aina. Kulikuwa na Mdemokrati wa Mississippi asiyetaka kumwona mtu mweusi akipiga kura, na Mdemokrati wa New York mpigania haki. Mrepublikani wa benki na Mrepublikani wa kilimo. Ukitaka kupitisha kitu unachota kura hapa na pale. Ni kama kijiwe ambacho Simba na Yanga wamechanganyika, ugomvi upo lakini kahawa wanakunywa pamoja.

Baada ya 1964 mambo yakaanza kujipanga upya, polepole, karibu miaka thelathini. Wazungu wa Kusini wakahamia Republikani. Weusi, walioanza kuhamia Demokrati tangu enzi za Roosevelt, wakabaki huko kwa wingi sana. Walokole wa Kizungu wakaenda kulia, wasomi wa mijini wakaenda kushoto. Mwaka 1994 Gingrich akawaongoza Warepublikani kulichukua Baraza la Wawakilishi baada ya miaka 40 nje, na aliwafundisha vijana wake kwamba mpinzani si mtu wa kujadiliana naye, ni wa kuangushwa. Mwaka 1996 zikaanzishwa televisheni mbili, Fox News na MSNBC, na kadiri miaka ilivyokwenda kila upande ukapata redio yake, runinga yake na ukweli wake.

Wasomi wawili, Keith Poole na Howard Rosenthal, walipima kura za wabunge tangu mwanzo wa Bunge hilo na kuwapanga kutoka kushoto kwenda kulia. Miaka ya 1970 vyama viwili vilikuwa vimepishana katikati, kuna wabunge usingejua ni wa chama gani kwa kuangalia kura zao tu. Siku hizi hapo katikati ni uwanja mtupu.

Kama hupendi mambo ya wasomi, angalia majaji. Antonin Scalia, jaji wa mrengo wa kulia kabisa, alipitishwa na Seneti mwaka 1986 kwa kura 98 kwa 0. Ruth Bader Ginsburg, wa kushoto, 96 kwa 3 mwaka 1993. Scalia alipofariki Februari 2016, Obama akamteua Merrick Garland, na Warepublikani wa Seneti chini ya Mitch McConnell wakakataa hata kumsikiliza, wakisema ni mwaka wa uchaguzi. Ginsburg alipofariki Septemba 2020, mwaka wa uchaguzi pia, Amy Coney Barrett akapitishwa 52 kwa 48 siku nane kabla ya uchaguzi, bila Mdemokrati hata mmoja. Na kabla hamjawalaumu Warepublikani peke yao, mkumbuke Wademokrati wa Harry Reid ndio walioanza mwaka 2013 kuondoa filibasta kwa uteuzi wa majaji wa chini na maofisa. McConnell akamalizia mwaka 2017 kwa Mahakama ya Juu. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Mimi nimesoma pande zote na naona kila mmoja ana nusu ya ukweli, ingawa kwenye hili la Garland, kwa maoni yangu, Warepublikani walivuka mstari.

HOFU YA KURA ZA MAONI

Wadau wa CCM hili mtalielewa haraka. Mbunge wa Marekani naye anapita kwanza kwenye kura za maoni za chama chake. Tofauti ni kwamba huku wapigakura wa kawaida ndio wanaopiga, na wanaojitokeza ni wachache na ndio wenye msimamo mkali. Sehemu nyingi chama kimoja kina uhakika wa kushinda, kwa hiyo kura za maoni ndizo uchaguzi wenyewe. Mbunge haogopi kushindwa na chama pinzani, anaogopa kuchongewa na mwenzake kwamba amelegea.

Eric Cantor alikuwa namba mbili wa Warepublikani katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2014 akaangushwa kwenye kura za maoni Virginia na mwalimu wa uchumi wa chuo, Dave Brat, ambaye wengi hata hawakumjua, na moja ya tuhuma ilikuwa kwamba Cantor analegea kuhusu wahamiaji. Mwaka 2018 upande wa pili Joe Crowley, kigogo wa New York, akaangushwa na binti wa miaka 28, Alexandria Ocasio-Cortez. Somo walilopata wabunge waliobaki ni moja tu, usionekane unakula na adui.

Tena mipaka ya maeneo ya uchaguzi inachorwa sehemu nyingi na wanasiasa wenyewe. Mchezo huu ni wa tangu 1812, gavana wa Massachusetts Elbridge Gerry alipopitisha eneo lenye umbo la mjusi, mpaka jina lake likawa neno la Kiingereza. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema mahakama za shirikisho hazitaingilia uchoraji wa kichama. Agosti 2025 Texas ikachora upya katikati ya muongo ili Warepublikani waongeze mpaka viti vitano. Novemba California ikajibu, wananchi wakaidhinisha ramani ya kuwapa Wademokrati vingine vitano. Jino kwa jino.

Kuona hofu hiyo ikifanya kazi, mwangalie Kevin McCarthy. Januari 2023 alichaguliwa Spika baada ya kupigiwa kura mara 15, na ili akubaliwe akaridhia kanuni kwamba mbunge mmoja tu anaweza kuitisha kura ya kumng'oa. Mwisho wa Septemba serikali ilikuwa inakaribia kufungwa, yeye akapitisha kiraka kwa msaada wa kura za Wademokrati. Siku tatu baadaye, tarehe 3 Oktoba 2023, Warepublikani wanane wakaungana na Wademokrati wakamng'oa, 216 kwa 210. Hakuna Spika aliyewahi kung'olewa hivyo katika historia ya nchi hiyo. Kosa lake, kuiacha serikali wazi. Wakakaa siku 22 bila Spika mpaka akapatikana Mike Johnson.

Msidhani hawapitishi kitu kabisa. Mwaka 2021 sheria ya barabara na madaraja ilipita Seneti 69 kwa 30, na mwaka 2022 walikubaliana hata jambo la bunduki, ambalo huku ni sawa na kugusa moto. Ila hizo ni mvua za kiangazi.

INATUHUSU NINI SISI?

Kuna waliosema wenyewe wauane, sisi yetu macho. Ngoja.

Mwaka 2003 Rais George W. Bush alianzisha mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Walokole wa kulia na wapigania afya wa kushoto wote waliuunga mkono, ukahuishwa 2008, 2013 na 2018 bila makelele. Ulikuwa kitu cha mwisho mtu angefikiri kitakwama. Septemba 2023 muda ukaisha na Bunge likashindwa kuuhuisha kwa miaka mitano, kwa sababu ya ugomvi wa utoaji mimba uliochomekwa humo. Machi 2024 wakaupa mwaka mmoja tu, na Machi 2025 huo nao ukaisha. Fedha zilikuwa bado zinaweza kutengwa mwaka hadi mwaka, lakini ile ahadi ya muda mrefu haikuwepo tena.

Mjomba wangu Iringa anameza dawa hizo tangu 2006. Bila hizo ningekuwa nimeshamzika. Januari 2025 Trump aliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90 kwa amri yake, mjomba alinibipu usiku, nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hivi hao watu wako wameamua nini, dawa zitaendelea kuja?"

Nikamwambia kuna msamaha umetolewa kwa dawa za kuokoa maisha, asiwe na wasiwasi. Wasiwasi nilikuwa nao mimi. USAID, shirika lililokuwepo kwa sheria ya Bunge, likavunjwa na kufikia Julai 2025 likawa limekwisha, na Bunge halikupiga kura ya kulifuta. Hii ndiyo sura ya pili ya mkwamo ambayo watu hawaioni. Bunge likishikana mashati, Rais anajaza nafasi kwa amri. Obama alifanya hivyo kwa vijana wahamiaji mwaka 2012, Biden kwa madeni ya wanafunzi mpaka mahakama ikamzuia 2023, Trump kwa kila kitu.

AGOA nayo, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ile inayowapa kazi mafundi cherehani wa viwanda vya nguo vya Kenya, muda wake uliisha tarehe 30 Septemba 2025 bila Bunge kuuhuisha, na kesho yake serikali ikafungwa.

Na sasa green card, manake najua nusu yenu mmeshawahi kujaza ile fomu mkiwa kwenye kafe. Bahati nasibu ile ilitokana na sheria ya 1990, ya maelewano ya vyama vyote. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha marekebisho makubwa ya uhamiaji, 68 kwa 32, na humo ndani bahati nasibu ilikuwa inafutwa. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa. Kwa hiyo mkwamo ndio ulioiokoa! Wako Wabongo hapa Maryland waliokuja baadaye kwa tiketi hiyo na hawajui kwamba waliokolewa na uzembe wa Bunge. Mkwamo huo huo ukawaacha mamilioni wasio na makaratasi pale pale walipokuwa, wakiwemo wa kwetu. Februari 2024 Seneti ikajaribu tena muswada wa mpaka wa pande mbili, ukakwama. Halafu Desemba 2025 serikali ya Trump ikatangaza kuisimamisha bahati nasibu, bila sheria mpya, kwa amri. Kwa hiyo mtu akikudai hela akujazie fomu, kwanza soma tovuti ya serikali yao yenyewe uone inasemaje siku hiyo.

Jirani yangu alilipwa malimbikizo yake. Sheria ya 2019 inasema watumishi walipwe serikali ikifunguliwa, na makubaliano ya Novemba yakarudia hivyo hivyo. Alinirudishia hela ya petroli na sahani ya mac and cheese juu yake. Nikamweleza kuwa makubaliano yale yanaifungua sehemu kubwa ya serikali mpaka tarehe 30 Januari 2026 tu. Akacheka, akanionyesha kalenda kwenye friji lake. Tarehe hiyo alishaizungushia kalamu nyekundu.